Mke Mkubwa, Mke Mdogo na Risasi ya Tisa

Hapa Oli, mtaa wetu wa Arua, naitwa Mama Tisa. Wanaohamia mtaani hudhani nimezaa watoto tisa, wakanitazama kwa huruma na kunipa pole ya mgongo. Nimezaa watatu, na yule wa tatu alinitosha. Waliovaa sare nao hudhani jina linatokana na risasi, maana nilitunza stoo za silaha za polisi kwa miaka mingi, hapa Arua na upande wa Koboko, na risasi zetu zote za bastola ziliitwa tisa. Hao wamekaribia, lakini hawajafika.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya stoo, mnaokuja barazani kwangu na maswali yenu, leo nimeamua kuwaandikia. Mdomo wangu hurukaruka, na kila mkija chai inapoa kabla sijamaliza jambo moja. Kituo sitakitaja. Kosa nitakalolisema ni langu mwenyewe, halikuwa la jengo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kuna risasi mbili za bastola mtakazokutana nazo hadi mchoke. Moja ni ya Makarov, ile bastola ndogo ya Kirusi. Nyingine ni Parabellum, inayotumiwa na bastola chungu nzima. Vitabu huiita ya kwanza tisa kwa kumi na nane, na ya pili tisa kwa kumi na tisa. Hiyo namba ya nyuma ni urefu wa ganda kwa milimita. Kwa hiyo ganda na ganda yanapishana milimita moja tu, unene wa ukucha wa mguu wa mkulima.

Zikiwa nzima hakuna shida. Zisimamishe mezani na hata mtu aliyeamka sasa hivi atakuonyesha ipi ni ndefu. Ya Makarov inafika kwenye kiungo cha kwanza cha kidole changu cha shahada, Parabellum inakipita. Lakini risasi ikishapigwa, kichwa kimekwenda zake na limebaki ganda tupu, lenye masizi na pengine limekanyagwa. Ukiyaweka mawili ya namna hiyo kiganjani, macho yako yatakuambia ni kitu kimoja. Macho yangu yaliniambia hivyo, na nilikuwa nimevaa miwani.

Na kuna jambo jingine lililonikaa kichwani miaka na miaka. Siku ya kwanza nilipopewa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, nilipima kila kitu stoo: vitasa, kalamu, mpaka pete yangu. Nikafika kwenye vichwa vya risasi. Ile ndefu, yenye nguvu, ikasoma tisa kamili. Ile fupi ikasoma tisa na robo. Nikapima tena. Fupi ndiyo nene! Zote zinaitwa tisa, na moja si tisa. Nilimuuliza kila afande aliyepita pale, na kila mmoja alinijibu kwamba tisa ni tisa, nirudi kazini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Rajab, mtu wa Koboko. Babu yake alikuwa mwanajeshi aliyeshuka kutoka Sudan, baba yake mwanajeshi, na yeye aliingia polisi kwa sababu, alivyosema, jeshini kulikuwa kumejaa ndugu zake. Alikuwa na wake wawili na mzaha usiokwisha. Wiki yangu ya kwanza aliziweka risasi zile mbili juu ya gunia safi.

"Binti, angalia," akasema. "Hii refu iko mke mkubwa. Hii fupi iko mke mdogo. Mke mdogo iko fupi, lakini iko nene. Kila moja iko na nyumba yake. Wewe natia huyu kwa nyumba ya huyu, iko vita."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Lakini ndani ya ule mzaha kulikuwa na kazi tupu. Mke mkubwa ana baruti ya nguvu zaidi, kwa hiyo bastola yake ina kufuli linaloushika mtutu mpaka ghadhabu ipungue kidogo ndipo chuma cha juu kirudi nyuma. Makarov haina kufuli hilo, inategemea springi na uzito wa chuma chake tu, basi ikapewa risasi ya upole. Mzee Rajab alinifundisha pia kuzijua kwa kucha. Pitisha kucha ubavuni mwa ganda kutoka kitakoni hadi mdomoni. La mke mkubwa linapungua kidogo kuelekea mdomoni, kucha inalegea. La mke mdogo limenyooka moja kwa moja. Alinifunga macho kwa leso yake na kunipa maganda ishirini, na hakunifungua mpaka nikayapanga yote sawa.

Msidhani baada ya hapo nikawa hodari. Mwaka mmoja mafuta ya bunduki yaliisha na ya kutoka Arua hayakuja. Nikasema mafuta ni mafuta, nikapaka bastola zote mafuta ya simsim niliyotoka nayo nyumbani. Ziling'aa, zikanukia vizuri. Baada ya wiki mbili yaligeuka gundi, na asubuhi moja nikakuta sisimizi wamepiga foleni kutoka dirishani mpaka ndani ya mitutu. Mzee Rajab hakunikemea. Aliwaita polisi wote waje waone bastola zilizokuwa tayari kuliwa.

Alipostaafu, funguo zilibaki kwangu. Na mwaka huohuo mume wangu Juma, dereva wa malori ya Juba, akaoa mke wa pili. Nilizipata habari kwa muuza nyama, aliyenipongeza. Mke huyo anaitwa Halima. Leo naliandika jina lake bila taabu, lakini wakati ule halikuwahi kutoka kinywani mwangu. Nilimwita "yule". Niliumia, vijana wangu, sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nakwenda kazini ili nisikae nyumbani.

Sasa piga picha. Asubuhi polisi wanapanga mstari dirishani pangu kuchukua silaha, na mmoja anapaza sauti: "Afande, leo mimi natoka na mke mdogo!" Wanacheka. Mwingine anasema mke mkubwa amechoka, apumzishwe. Yalikuwa maneno ya kila siku, na wala hawakujua ya kwangu. Lakini kila neno lilinichoma.

Siku ya Jumatatu moja nikapiga dirisha kwa kiganja. "Kuanzia leo humu hamna mke! Iko tisa. Mtu ataita ingine, atatoka na rungu."

Nikafungua daftari jipya. Zamani Mzee Rajab aligawa safu mbili, M.K. na M.D. Mimi nikachora safu moja na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: TISA. Bastola zetu za Makarov zilikuwa mbili tu na hazikutoka mara nyingi, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mkaguzi alikuja, akasema daftari langu ni safi kuliko yote aliyoyaona. Nilifurahi. Hakuna kitu kinachopendeza kama safu moja.

Konstebo Candia alikuwa kijana wa Ayivu, mrefu, mwenye haya, ambaye alirudisha silaha kila jioni ikiwa imefutwa. Jumanne moja alipangwa kulinda mnada wa ng'ombe na nilimpa bastola ya Parabellum. Mchana fahali mmoja alikata kamba langoni. Watu wakakimbia ovyo, wakaangushana, na Candia akapiga risasi moja ardhini kuwatawanya njiani mwa yule mnyama. Alirudi akaniambia hivyohivyo: risasi moja, ardhini, pale langoni. Ganda lake hakulipata. Lilikuwa limekanyagwa na kwato mia kwenye tope na mavi.

Tatizo ni kwamba wakati huohuo, upande wa pili wa mnada, kwa wauza mihogo, mama mmoja alipigwa risasi mkononi. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Wengine walisikia mlio mmoja, wengine miwili. Na kando ya mafungu yake ya mihogo likaokotwa ganda moja.

Mpelelezi aliniletea likiwa ndani ya bahasha. Nilikuwa nagawa silaha za zamu ya jioni, mstari mrefu, kichwa kinaniuma.

"Afande, hii iko ganda ya nini?"

Nikalitoa, nikaligeuza. Kitakoni lilikuwa na namba mbili tu, ya kiwanda na ya mwaka, bila jina lolote. "Tisa."

"Na bastola ya Candia?"

"Tisa."

Akaniandikia karatasi, nikaweka sahihi. Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa glasi ya maji. Kama ganda la kwa wauza mihogo lilitoka kwenye bastola ya Candia, basi Candia alidanganya kuhusu mahali aliposimama na ndiye aliyempiga yule mama. Jioni hiyo walimvua mkanda na kumtia ndani. Alipopita mbele ya dirisha langu aliniangalia kama mtu anayengoja niongeze neno. Mimi nikaendelea kugawa silaha.

Kesi iliandaliwa. Kazi angeipoteza, hilo lilikuwa wazi, na jela ilikuwa nyuma yake. Nilimsikitikia, lakini nilikuwa na uhakika.

Jumatano ya wiki iliyofuata mama yake akafika. Alishuka kwenye boda akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaambiwa mtu wa ganda ni mimi, akaja akaketi kwenye benchi mlangoni pa stoo. Alikuwa muuza maharagwe sokoni Arua. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Afande, ni wewe nasema ile ganda iko ya mutoto yangu?"

"Mama, mimi nilisema ni tisa tu. Bastola yake ni ya tisa."

Akafikiri. "Tisa gani?"

"Tisa, mama. Milimita."

"Nasikia. Lakini gani?" Akanionyesha kwa mikono yake miwili, kama anayeshika vikombe. "Mimi nauza maharagwe na kikombe. Jirani yangu nauza na kikombe. Yote naitwa kikombe, bei iko moja. Lakini ya jirani iko na kitako napanda juu ndani. Mutu naona kikombe, nalipa kikombe, nakula nusu. Ndio mimi nauliza: hii tisa yako, iko tisa moja ao iko tisa na tisa?"

Vijana, nilikuwa nimefungwa macho kwa leso ya Mzee Rajab nikapanga maganda ishirini, na sasa muuza maharagwe ambaye hajawahi kushika bastola ndiye aliyeniuliza swali ambalo nililipiga marufuku mimi mwenyewe.

Nikamwomba asubiri. Nikaenda kwa mpelelezi, nikaomba ile bahasha, tukaifungua pamoja. Nikafumba macho na kupitisha kucha ubavuni mwa lile ganda. Ilikwenda moja kwa moja bila kulegea popote. Nikachukua kalipa: milimita kumi na nane. Mke mdogo.

Bastola zetu mbili za Makarov zilikuwa zimefungwa stoo siku ile ya mnada, na funguo nilikuwa nazo mimi. Risasi zake zote zilikuwepo. Ganda lile halikuwa letu hata kidogo.

Nitawaambia ukweli, maana uzee huu sina tena cha kuficha. Nilikaa kwenye kiti changu dakika kadhaa nikizitazama tepe tatu begani. Mpelelezi hakujua maana ya nilichokiona, kwake ilikuwa namba tu. Ningeweza kukirudisha kile kitu kwenye bahasha nikasema hakuna jipya. Wazo hilo lilinijia, likakaa, likataka chai. Kilicholifukuza ni yule mama, niliyemwona mlangoni akitengeneza kitambaa chake taratibu ili asinisumbue.

Kesho yake asubuhi mkuu wa kituo alituita ofisini: mimi, mpelelezi, na Candia bila mkanda. Mama yake aliruhusiwa kusimama mlangoni. Niliifungua bastola ya Candia mbele yao, nikautoa mtutu. Kwanza nikachukua ganda la Parabellum lililobaki kwenye mazoezi ya shabaha, nikalitumbukiza kwa nyuma. Likazama lote. Nikalitoa, nikatumbukiza lile la mnadani. Likaingia kidogo, likakwama, likabaki linachungulia nje.

"Lisukume," mkuu akasema.

"Sukuma wewe, afande."

Akasukuma. Akageuza, akasukuma tena kwa dole gumba mpaka kidole kikawa cheupe. Haliingii. Mdomo wake ni mnene mno kwa nyumba ile.

"Hili halikutoka humu," nikasema. "Haliwezi."

Mkuu aliuweka mtutu mezani. "Sajini, mbona hukuona hili Jumanne ile?"

"Niliandika tisa, afande. Ziko mbili, nami niliandika moja."

"Wewe mtu wa stoo hujui ziko mbili?"

"Najua. Zamani humu zilikuwa na majina, mke mkubwa na mke mdogo. Kila mtu alizijua, hata mpishi. Mimi nikayakataza."

"Kwa nini?"

Nilimtazama Candia kwanza. "Kwa sababu mume wangu alioa, afande."

Mpelelezi alikohoa. Mkuu wa kituo, ambaye kila mtu alijua ana nyumba mbili, alianza kuikagua kalamu yake kwa makini sana. Halafu akasema Candia arudishiwe mkanda.

Nilipokonywa tepe moja, na nilistahili. Mwenye lile ganda alipatikana baadaye, mpambe wa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, aliyekuwa na Makarov kuukuu isiyo na kibali. Hiyo ni hadithi ya wapelelezi, waulizeni wao.

Nilitegemea mama yake Candia aniambie asante. Alimshika mwanawe uso, akamkung'uta bega, kisha akanigeukia. "Na kama mimi hapana kuja?" akauliza. Aliuliza kwa kutaka kujua tu, bila hasira. Wakaondoka.

Siku hiyohiyo nilichora safu mbili kwenye daftari, M.K. na M.D. Nilipofika nyumbani Juma alikuwa amerudi safari, nikamuuliza Halima hajambo. Alidondosha kijiko. Sikuwa nimempenda Halima, na bado hatupikiani, lakini mtu aliyepo nilikuwa nimechoka kumfanya hayupo.

Sasa lile swali langu la kalipa. Jibu sikulipata kazini. Nililipata juzijuzi hapa Oli, nimeshastaafu, nilipomwagiza fundi Lomoro mlango wa futi tatu. Akaniuliza: "Mama, futi tatu ya ndani ao ya inje?" Nikamwambia futi tatu ni futi tatu. Akacheka. Akanionyesha fremu: ukipima ndani, ubao kwa ubao, ni futi tatu. Ukipima nje, imezidi. "Yote iko futi tatu," akasema, "lakini mutu alipima wapi?"

Niliacha kikombe changu pale pale. Ndani ya mtutu wa bastola kuna mitaro iliyojipinda, inayoizungusha risasi iende sawa. Kwa hiyo kuna tuta na kuna mtaro, kama shamba la viazi. Warusi walipima tuta kwa tuta wakapata tisa, na risasi yao, inayojaza mpaka ndani ya mitaro, ikawa tisa na robo. Wenye Parabellum walipima mtaro kwa mtaro, wakapata tisa ileile ya risasi. Hakuna aliyedanganya! Miaka yote ile niliwashuku wenye viwanda, kumbe mmoja alipima ndani ya fremu na mwingine alipima nje.

Siku ya kupachika mlango huo Candia alikuwa amekuja kunisalimia. Sasa yeye ndiye mtunza stoo, ana tepe nyingi kuliko nilizoacha nazo, na mama yake bado anauza maharagwe kwa kikombe kilekile. Nilimweleza ya fundi Lomoro na ya mitaro, nikachora vumbini kwa msumari, na yeye akauliza mpaka akaelewa. Kisha akakamata mlango ili fundi apige bawaba.

"Vizuri, Mama Tisa," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo. Fundi akalidaka, mtaa ukalidaka kwa fundi. Lakini mimi nilimuuliza palepale, huku nikicheka, "Tisa gani?"

Candia hakucheka. Aliinua mlango kidogo uingie sawa. "Siku, mama," akasema. "Nilihesabu kwa ukuta, mle ndani."